Dhamira tunayo, kazi haionekani: jibu kwa katibu wa usharika

Msomaji mmoja, katibu wa baraza la wazee katika usharika wa Kilutheri ulio kwenye mji mdogo unaokua kandokando ya barabara kuu mkoani Pwani, ameniandikia hivi:

"Bwana Yesu asifiwe. Mwaka juzi tulikaa semina ya siku mbili, tukaandika dira na dhamira ya usharika wetu: kumshuhudia Kristo kwa neno na matendo, na kuigusa jamii inayotuzunguka. Siku ile tulishangilia sana. Sasa maneno hayo yako kwenye bango getini na kwenye kalenda. Kamati zipo nne, vikao vinakaa, mchungaji anahubiri vizuri, washarika wanaitikia amina. Ila tukiulizwa tumefanya nini nje ya kanisa, hatuna jibu. Na kila tukitaka kuanza kitu tunaambiwa watu wamechoka na michango, maana tuko kwenye ujenzi. Tuanzie wapi?"

Amina, ndugu yangu katibu. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kabla watu hawajakata tamaa na dhamira yenyewe.

Katika maelezo yako kuna jambo jema ambalo pengine hukuliona: hakuna aliyeipinga dhamira hiyo. Usharika wenu hauna ugomvi na utume wake, umekosa tu mahali pa kuushikia. "Kuigusa jamii inayotuzunguka" ni maneno ambayo hakuna mtu anayeweza kuamka Jumanne asubuhi akaenda kuyatenda. Jamii ni nani? Iguswe na nani, lini, kwa kitu gani? Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno, na kwa ushauri ni kweli. Kwa utekelezaji mambo hugeuka: wengi wakikabidhiwa jambo moja kwa pamoja, kila mmoja anadhani mwenzake amelishika. Ndiyo maana kamati nne zinakaa vikao na hakuna kinachotoka.

Someni upya Matendo ya Mitume sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7, na msome kama baraza lenye uamuzi wa kufanya. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na moto, Pentekoste ilikuwa bado mbichi. Hata hivyo wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Tazama mitume walivyofanya. Walilisikiliza nung'uniko badala ya kulikemea. Walisema wazi ni kazi gani wao wenyewe hawataiacha, na ni kazi gani lazima ipewe wengine. Wakataka watu saba, na Luka akayaandika majina yao yote: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona hapo kwamba kazi ilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa, na mimi nakubaliana nao. Walikuwa watu waliojua nyumba za wajane wale ziko wapi. Kisha mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Chakula cha wajane na kuenea kwa neno vimo katika habari moja, havikutenganishwa.

Hapo hapo mkoani kwenu mna mfano mwingine. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kazi yao ya mwanzo iliwahusu watu mahsusi: watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, waliohitaji pa kulala, chakula, shamba na ufundi. Mwaka 1875 Waanglikana wa CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, wakaanzisha Freretown kule Mombasa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Vijiji vile vilikuwa na kasoro zake, nidhamu ilikuwa kali na uamuzi mwingi ulibaki mikononi mwa wageni. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza misheni ile ipo kwa ajili ya nani.

Nayataja haya kwa sababu sharika zetu zikisikia "matendo" huwaza majengo: hospitali, shule, chuo. Tumelelewa hivyo, na tuna haki ya kumshukuru Mungu kwa kazi kama hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Basi usharika wa watu mia tatu ukijipima kwa kipimo hicho unajiona hauwezi kitu, unarudi kwenye vikao. Taasisi kubwa ni kazi ya dayosisi na ya kanisa zima. Kazi ya usharika ni ile ambayo dayosisi haiwezi kuifanya hata ikitaka: kumjua mtu kwa jina lake, kuijua nyumba yake, na kujua leo amekula au hajala.

Sasa tuje kwenye hatua. Anzeni na vitabu vya fedha. Mwombe mtunza hazina alete taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita, mkae nayo watu watatu, yeye, wewe na mchungaji, mkiwa na kalamu ya rangi. Pigieni mstari kila shilingi iliyotoka nje ya uzio wa kanisa ikamfikia mtu asiye mtumishi wala mjumbe wa kamati. Mishahara, mchango wa jimbo na dayosisi, umeme, ujenzi, sare za kwaya, chai ya vikao: yote hayo ni matumizi halali, yaacheni bila mstari. Halafu fanyeni vivyo hivyo na kalenda ya usharika. Mara nyingi kinachobaki na rangi ni rambirambi, na pengine ziara ya kituo cha yatima wakati wa Krismasi.

Zoezi hilo si la kumlaumu mtu. Kazi yake ni kuwaonyesha wazee, kwa hesabu yao wenyewe, nguvu za usharika zinakwenda wapi hivi sasa. Likisomwa barazani kwa utulivu huwa linazungumza kuliko semina.

Katika wiki hizo hizo, waulize wenyeviti wa jumuiya swali moja: katika jumuiya yako, nani anamsaidia nani bila kutumwa? Hapa mtapata furaha. Mtaambiwa kuna mama anayempikia jirani aliyepooza. Kuna mwalimu mstaafu anayewafundisha watoto wa mtaani kwake hesabu jioni, barazani, bila malipo. Kuna kijana anayemchotea maji mzee kila akitoka kazini. Hayo hayamo kwenye taarifa yoyote ya kamati. Kazi mnayoitafuta imeshaanza, ila imeanza bila ninyi, na mara nyingi njia iliyo sahihi kuliko zote ni kwenda kusimama nyuma ya watu hao badala ya kubuni mradi mpya.

Baada ya hapo, tembeeni. Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka kwanza kuukagua ukuta usiku, na wakati huo alikuwa hajawaambia wakuu neno lolote. Alitaka kuona. Ninyi nendeni mchana, wawiliwawili, mzee mmoja na kijana mmoja, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe ameambiwa, ili msije mkadhaniwa mnafanya kampeni. Msiende na fomu. Ulizeni mambo matatu tu: ni nini kinawanyima watu usingizi hapa mtaani, mnajisaidiaje sasa, na nani hapa anajulikana kwa kusaidia wenzake. Msiulize "mngependa kanisa liwafanyie nini?" Swali hilo huleta orodha ya kisima, zahanati na mikopo, na kwa kuliuliza tu mtakuwa mmeshaweka ahadi.

Nilifuatana na wazee wa usharika mmoja katika mji unaofanana na wenu. Walikuwa wameshakubaliana barazani kwamba tatizo la mtaa ni vijana wa bodaboda: ulevi, ajali, utovu wa adabu. Tukafika kijiweni. Vijana wakatutolea benchi, na baada ya mazungumzo marefu mmoja wao akatoa daftari la mfuko wao wa kusaidiana mwenzao akipata ajali. Lilikuwa limeandikwa vizuri, majina, tarehe, kiasi, saini. Tulipowauliza kinachowanyima usingizi, hawakujitaja wao. Walimtaja bibi mmoja anayeishi nyuma ya gereji, ambaye humpeleka kliniki kwa zamu bila kumtoza nauli, kwa kuwa anaishi na mjukuu wa kike wa darasa la tatu na hana mtu mwingine.

Tukaenda. Bibi alitoa dawa zake za presha kutoka kwenye kikopo cha mafuta ya kupakaa. Vidonge vya aina mbili vilikuwa vimechanganywa humo, na karatasi ya maelekezo ilikuwa imefifia, haisomeki. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimhesabia kila jioni, kwa kukumbuka. Kati ya ukuta wa nyumba ile na uzio wa kanisa palikuwa na njia ya miguu tu. Bibi mwenyewe ni Mwislamu, naye alikuwa akimfahamu mchungaji kwa sauti tu, kupitia spika ya kanisani.

Wazee walirudi kimya. Jumapili iliyofuata kila jumuiya ikaombwa kuandika wazee wote wanaoishi peke yao au na watoto wadogo katika eneo lake, wa dini yoyote. Orodha ilipokuja, suala la nini kifanyike halikuwa gumu tena.

Kwenu pengine si wazee, na sitaki mchukue mfano huo kwa sababu nimeusimulia. Inaweza kuwa wasichana wanaoacha shule, au mama lishe wanaokopa kwa riba ya kuumiza, au wagonjwa wanaorudishwa kutoka hospitali bila mtu wa kuwapokea. Mkishasikia, chagueni jambo moja. Nasisitiza moja, kwa sababu mkutano wa usharika hupenda kumridhisha kila mtu kwa kuweka mambo matano, na matano ni njia ya heshima ya kutofanya lolote. Liwe jambo ambalo watu wa mtaa wamelitaja wenyewe. Liwe linaweza kuanza kwa watu na vitu mlivyo navyo leo. Liwe likifanyika, jirani asiye mshirika wenu ataliona bila kuambiwa. Na liwe linaweza kuangaliwa baada ya miezi mitatu mkajua limefanyika au halikufanyika. Kisima hakipiti hapo. Kumtembelea mzee kila wiki kunapita.

Halafu liandikeni kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyatekeleza. Kwa mfano: "Ifikapo Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, karibu na mwisho wa Septemba, kila mzee anayeishi peke yake au na watoto tu katika maeneo ya jumuiya zetu atakuwa na watu wawili wa kumtembelea kila wiki, tarehe yake ya kliniki itajulikana, na anayestahili msamaha wa matibabu atakuwa amesindikizwa hadi ofisi ya ustawi wa jamii." Sentensi hiyo haishangiliwi semina, lakini mwenyekiti wa jumuiya akiisoma anajua Alhamisi aende wapi.

Nimetaja msamaha wa matibabu, niueleze kidogo, maana hapo kanisa linaweza kufanya mengi bila fedha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Wazee wengi hawaufaidi kwa sababu hawana kitambulisho, hawajui waanzie ofisi gani, au wamekwenda mara moja wakaambiwa warudi kesho na miguu haikuruhusu. Sasa imekuja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na namna ya kuwahudumia wasio na uwezo inahusishwa na mfumo huo mpya. Kwa hiyo mtu wenu mmoja aende kwa afisa ustawi wa jamii, aulize utaratibu unaotumika sasa katika halmashauri yenu na nyaraka zinazotakiwa, aandike, alete. Baada ya hapo kazi ni kusindikiza: kwenda na mzee kwa mtendaji wa mtaa kuchukua barua, kukaa naye kwenye foleni, kurudi naye nyumbani. Kijana wa kipaimara mwenye subira anaweza kusaidia kazi hiyo akiwa na mtu mzima.

Hapa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko mengine yote katika jibu hili: kazi hii ishuke kwenye jumuiya, isibaki kwenye kamati. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliliona hilo mapema, na mwaka 1976 wakaweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji wao. Sisi Walutheri nasi tuna jumuiya kila mtaa. Tatizo ni kwamba nyingi zimekuwa tawi la kukusanyia ahadi: watu wanaimba, wanasoma neno, wanaomba, anatajwa ambaye hajamaliza bahasha yake, chai inaletwa, wanatawanyika. Turudi kwa Nehemia, sura ya 3. Ni sura ya majina ambayo wengi huiruka wakisoma. Ukuta ulijengwa kwa vipande, na tena na tena imeandikwa kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake. Kila aliyejenga pale alikuwa na sababu ya kuhakikisha kipande chake hakianguki.

Jumuiya yenu ya karibu na stendi ijenge karibu na stendi. Ile ya kule mashambani ijenge kule. Katika kila kikao cha jumuiya tengeni dakika kumi kabla ya maombi, na swali liwe lile lile kila wiki: nani ametembelewa, nani hajatembelewa, na amekutwaje. Msiongeze hotuba juu yake. Wiki ya kwanza watu watatazamana. Wiki ya tatu mtu atasema, "Mama fulani hakufungua mlango, jirani anasema amepelekwa kwa binti yake Chalinze," na hapo mtajua jumuiya imeanza kuona. Maombi yanayofuata nayo yatabadilika, kwa sababu yatakuwa na watu ndani yake.

Watembeleaji msiwapate kwa kunyoosha mikono kanisani. Mkitangaza "wanaotaka huduma hii wabaki baada ya ibada," watabaki wale wale wanaobaki siku zote, ambao wameshabeba kwaya, umoja wa wanawake na ujenzi. Mfuateni mtu nyumbani kwake, mkae, mumwambie kwa nini mmemfikiria yeye. Tafuteni wanaume pia, maana kazi za namna hii huangukia kina mama pekee na baada ya muda huonekana si kazi ya kanisa zima. Tafuteni hata yule anayekuja ibada ya kwanza na kuondoka bila kusalimia mtu. Wapo watu wengi kanisani ambao hawajawahi kuombwa chochote isipokuwa fedha. Waliokubali waleteni mbele ya madhabahu Jumapili moja, mchungaji awaombee kwa majina. Msiifanye kuwa sherehe ya sare na keki.

Kuhusu kamati: msiunde ya tano. Mojawapo ya nne mlizo nazo, ile ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, kama ipo, iwe na wajibu wa kuzisaidia jumuiya, na iambiwe pia ni shughuli gani iache ili ipate nafasi. Mratibu awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Asiwe wewe, katibu, kwa sababu una mihtasari ya kutosha, na asiwe mchungaji. Mchungaji akiwa mratibu, kazi itahama naye siku atakayohamishwa. Kazi yake ni neno na maombi, kama mitume walivyosema, na kwa mtazamo wangu awe na nyumba moja ya kutembelea kila wiki kama washarika wengine.

Sasa fedha. Washarika wanaposema wamechoka na michango, waaminini. Msitangaze bahasha mpya. Mjane aliyemlilia Elisha katika 2 Wafalme sura ya 4 aliulizwa ana nini nyumbani, na jibu likaanzia kwenye chupa ya mafuta aliyokuwa nayo. Ninyi mna nini? Kila Jumapili baada ya ibada mnafanya mnada wa ndizi, mayai, mihogo na kuku, na fedha zinaingia kwenye ujenzi. Kubalianeni kwamba mnada wa Jumapili moja kwa mwezi vitu vyake visiuzwe, vigawanywe kwa jumuiya kwa ajili ya watu waliomo kwenye orodha. Mtoaji wa trei la mayai ataona limekwenda kwa nani. Nimeona utaratibu huo ukiongeza vitu vinavyoletwa, na ujenzi haukusimama.

Pamoja na hayo, baraza lipitishe fungu dogo katika bajeti, lenye jina lake na mstari wake. Tuseme mapato yenu ni shilingi milioni 60 kwa mwaka. Asilimia 2 ni milioni 1.2, yaani laki moja kila mwezi: nauli za kliniki, sabuni, betri za tochi, dawa iliyokosekana kituoni. Kiasi ni kidogo, lakini kitu kilichomo kwenye bajeti hujadiliwa kila robo mwaka, na kisichomo husahaulika. Fedha hizo zitolewe kwa saini mbili na risiti zirudi. Watembeleaji wasigawe fedha taslimu mikononi mwao. Wakianza hivyo, ziara zitageuka kuwa siku ya malipo, na mzee atawasubiri kwa ajili ya noti badala ya kuwasubiri wao.

Wapo watakaopendekeza mwanzishe VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Ni chombo kizuri, na mkifika huko kumbukeni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivyo visajiliwe. Ila nisingeanza na hilo. Anayenunua hisa ni yule mwenye chochote cha kununulia, na bibi wa nyuma ya gereji hatakuwa na hisa hata moja.

Mnaishi na Waislamu, pengine ni wengi kuliko ninyi mtaani. Basi kabla ya ziara ya kwanza, mchungaji na mzee mmoja waende kumsalimia imamu wa msikiti wa karibu, wamweleze kwa uwazi mnachotaka kufanya, na wamwombe aongeze majina ya wazee anaowajua. Huenda akawapa na watu wa kufuatana nanyi. Msaada wenu usiwe chambo. Mtu asiombwe kuja kanisani ili apate sabuni, wala asiombewe kwa nguvu kitandani kwake. Najua ndani ya baraza kutakuwa na ndugu atakayeuliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa injili iko wapi?" Mjibuni kwa heshima. Bwana wetu aliwaponya kumi wenye ukoma, akarudi mmoja kushukuru, na wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao. Mkiulizwa kwa nini mnafanya hivi, semeni bila kuficha kwamba ni kwa ajili ya Yesu Kristo. Mtaulizwa, nina hakika. Ushuhuda wa namna hiyo umeombwa na anayesikia, na huingia ndani kuliko spika.

Yapo machache ya usalama ambayo hayana mjadala. Ziara ni za watu wawili daima. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto ndani ya nyumba. Mkikuta mtoto anapigwa, ananyanyaswa au anatumikishwa, jambo hilo halisuluhishwi kwenye jumuiya wala haliitwi la kifamilia: linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Waambieni watembeleaji hilo kabla hawajaanza, na mwandike kwamba wameambiwa. Tena msipige picha za mtu akipokea kitu. Shida ya mtu aliyekufungulia mlango wake haitangazwi kanisani.

Kinachofaa kutangazwa ni kazi. Jumapili moja kila mwezi, wakati wa matangazo, mtembeleaji mmoja apewe dakika tatu, aseme alichojifunza bila kutaja jina la mtu. Asiwe mwenyekiti wa kamati, awe yule anayekwenda. Washarika wakimsikia fundi cherehani au dereva wa lori akieleza kwamba alikuwa hajui mtaa wake mpaka alipoanza kubisha hodi, wengine watakuja wenyewe kuuliza kama kuna nyumba ambayo haijapata mtu.

Miezi mitatu ikifika, kaeni na orodha. Baadhi ya jumuiya zitakuwa zimefanya vizuri, moja au mbili hazitakuwa zimekwenda hata nyumba moja. Msizikemee mbele za watu. Pelekeni mtu kutoka jumuiya inayofanya akae nao vikao viwili. Baadhi ya wazee watakuwa wamefariki, na jumuiya itakuwa na msiba wa kweli, wa mtu waliyemjua. Mtakuta pia jambo ambalo hamkulipanga: mjukuu anayehitaji sare za shule, paa linalovuja, ndugu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajapiga simu kwa miaka na anahitaji kutafutwa. Chagueni hapo kama mtaendelea vilevile, mtabadilisha, au mtaongeza jambo la pili. Kama jambo lenyewe halikufaa, liacheni bila aibu na mrudi kutembea.

Kwa kikao kijacho weka ajenda tatu tu: taarifa ya mtunza hazina yenye mistari ya rangi, majina ya watakaotembea, na tarehe ya kuleta walichosikia. Taarifa iombe wiki hii, maana ndiyo itakayochukua muda kupatikana. Matembezi yanaweza kuanza Jumamosi hata kabla haijakamilika. Na mkishapata orodha ya kwanza, niandikie mtakapokwama, hasa kwenye mambo ya ustawi wa jamii, kwa kuwa utaratibu unaweza kutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine na ni vizuri tuuangalie wa kwenu.